“Severally” kwenye fomu ya mdhamini: si mara nyingi, wala si kila mtu na fungu lake

“Mwalimu, salamu. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi makavu, niko upande wa Tororo. Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulimdhamini rafiki yetu akakopa milioni 6 kwenye SACCO. Alirejesha miezi michache, halafu akavuka kwenda Juba na simu yake haipatikani tena. Deni lililobaki ni milioni 4.8 na wananidai mimi peke yangu, zote. Nikawaambia tulikuwa watatu. Meneja akafungua fomu, akaweka kidole kwenye mstari: ‘We the guarantors shall be jointly and severally liable.’ Mimi neno hilo la severally nimelijua siku zote kuwa ni mara nyingi. Hata afisa wao wa mikopo huniandikia ‘I have called you severally.’ Kwa hiyo nilipotia saini nilielewa kwamba tutadaiwa pamoja na tutakumbushwa mara nyingi. Mpwa wangu aliye chuo kikuu akatazama kamusi, akasema ni ‘separately’, yaani kila mtu kivyake, basi nilipe theluthi yangu, 1,600,000, niondoke. Meneja anacheka tu. Nani yuko sahihi? Pia nimeanza kuwaandikia barua hivi: ‘We have severally asked you for the loan statement.’ Niibadilishe?”

Ndugu yangu, maswali yako ni mawili, umeyatia gunia moja. La kwanza ni la lugha: neno hili lina maana gani? La pili ni la mfuko: je, nitalipa milioni 4.8 kwa sababu ya neno nililolielewa vibaya? La kwanza nitalijibu mpaka mwisho, maana kutafsiri hati ndiyo kazi inayonilisha. La pili nitakufikisha mlangoni kwa wakili, wewe ndiye utakayeingia.

Nianze na lisilopendeza ulimalize mapema. Kuhusu mstari ule wa fomu, meneja ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Wewe umeshika maana ya mtaani, na mpwa wako ameshika maana ya kamusi. Maana ya mtaani haimo kabisa kwenye fomu hiyo. Ya kamusi imo, lakini nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayokugharimu 3,200,000.

Tuanze na hiyo ya mtaani, kwa sababu sitaki uondoke ukijiona mjinga. Kampala, Mbale, Arua, popote Uganda panapoandikwa barua za ofisi, “severally” hutumiwa kwa maana ya mara nyingi au mara kadhaa. Diwani ataambiwa kwamba wananchi wamelalamika severally kuhusu barabara, na mwenye nyumba atasema amemwonya mpangaji severally. Wakenya wanalisema hivyo, na Wanigeria pia. Ukilitazama utaona watu hawakulitunga kwa uzembe. Tulifundishwa shuleni kwamba “several” ni kadhaa. Tukafundishwa pia kwamba ukitaka kueleza namna kitendo kilivyofanyika, unaongeza “-ly” mwishoni: frequent ikazaa frequently, repeated ikazaa repeatedly. Basi several itazaa severally, na maana yake itakuwa mara kadhaa. Hesabu imekaa sawa. Kasoro ni moja tu: Waingereza walikuwa wameshalitumia neno hilohilo kwa kazi nyingine, karne nyingi kabla yetu, na kazi hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mikataba.

Mimi simcheki mtu anayesema “I have called you severally.” Lugha ikishazoeleka mahali, imepata wenyewe. Ila mkataba haukuandikwa na wenyewe hao. Sentensi iliyo kwenye fomu yako haikutungwa Tororo wala Kampala. Ni sentensi ya mawakili wa Uingereza, na imenakiliwa kutoka fomu hadi fomu kama sala. Uganda ilipokea sheria ya Kiingereza kwa amri ya mwaka 1902, na maneno yake yakaja nayo, yakiwa na maana zake za kwao.

Maana hizo ni zipi? Shina la neno ni la Kilatini, lile lile lililozaa “separate”, yaani kutenga. Lilipita kwenye Kifaransa cha mahakama za Uingereza, kile walichokitumia mawakili wa huko baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, likatoka likiwa “several”. Hapo mwanzo “several” haikuwa kadhaa hata kidogo. Ilikuwa -liotengwa, -a peke yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasimulia habari za mfalme aliyepigwa ukoma, akakaa “in a several house” mpaka kufa kwake. Kwa Kiingereza cha leo mtu angedhani mfalme alikuwa na nyumba kadhaa. La. Alikuwa na moja, imetengwa na watu.

Sasa, kutoka kutengwa mpaka kadhaa kuna safari gani? Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia, maana kimepita njia ile ile. Tazama neno mbali. Kitu kilicho mbali kimeachana na kingine. Lirudie: mbalimbali. Sasa ni vitu vilivyoachana kimoja na kingine, vya namna tofauti. Halafu sikiliza redio leo: “viongozi mbalimbali walihudhuria.” Je, mtangazaji anataka kusema kwamba viongozi hao walikuwa wa namna tofauti? Mara nyingi anataka tu kusema walikuwa kadhaa. Vitu vikitengana, vinahesabika, na vikihesabika, ni vingi. “Several” ilitembea hivyo hivyo: kwanza vilivyotengana, kisha vya namna tofauti, kisha kadhaa. Lakini mtoto wake “severally” hakuhama na mzazi. Alibaki kwenye kiwanja cha zamani, na maana yake ni ile ile ya mwanzo: mmoja mmoja, kila mtu peke yake.

Ukitaka kuthibitisha bila kwenda maktaba, fungua Wakorintho wa Kwanza 12:11. Kiingereza cha 1611 kinasema Roho anagawa karama “to every man severally as he will.” Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili wakaandika: “akimgawia kila mtu peke yake kama apendavyo yeye.” Kila mtu peke yake. Sijaona tafsiri safi kuliko hiyo. Hakuna aliyesoma aya hiyo akadhani Roho aligawa mara nyingi. Kwenye tamthilia za kale za Kiingereza utakutana nalo pia mwisho wa onyesho, waigizaji wanapoambiwa watoke “severally”: huyu mlango wake, yule mlango wake. Na Marekani, mwaka 1887, walipitisha sheria ya kuigawa ardhi ya makabila ya Wahindi Wekundu, ile iliyokuwa ya kabila zima, iwe ya mtu mmoja mmoja. Sheria yenyewe ilisema ardhi igawiwe “in severalty”. Mtu wa Uganda aliyewahi kuona ardhi ya ukoo ikikatwa vipande vya watoto hahitaji kuelezwa neno hilo lina uzito gani.

Kipimo changu ni chepesi, na unaweza kukitumia hata sokoni. “Severally” linahitaji kundi, ama la watendaji ama la watendwa. Mtu mmoja hawezi kutengana. Afisa wa mikopo akikuandikia wewe peke yako “I have called you severally”, aliyepiga ni mmoja na aliyepigiwa ni mmoja, basi hakuna cha kutenganisha. Kwa Kiingereza cha kamusi sentensi hiyo haisimami. Lakini akiwaandikia ninyi watatu “I called the three of you severally”, inasimama vizuri: alimpigia kila mmoja kwa simu yake, hakuwakusanya. Huenda alipiga mara moja tu kwa kila mtu. Tatizo linakuja pale sentensi inapobeba maana zote mbili, kama “The police severally warned the traders.” Msomaji wa Jinja ataelewa polisi waliwaonya wafanyabiashara tena na tena. Msomaji wa London ataelewa walimwonya kila mmoja peke yake. Wote wawili watatikisa kichwa, na hakuna atakayejua kwamba hawajaelewana.

Kabla sijaenda kwenye fomu, niseme neno dogo juu ya ndugu wa jina, maana nimeona wengi wakijikwaa. “Severally” si “severely”. Hilo la pili ni vikali, vibaya. Waingereza huyatofautisha kwa mkazo: la kwanza wanaligonga mwanzoni, la pili katikati. Sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho tunayatamka karibu sawa, na masikio yanapotatizika, mkono huandika chochote. Nimeshasoma maelezo ya polisi yaliyosema mtu alipigwa “severally”. Mpaka leo sijui alipigwa mara nyingi, alipigwa vibaya, au waliopigwa walikuwa wengi na kila mmoja alipigiwa kwake.

Haya, fomu.

Wewe ni mtu wa mahindi, basi nitumie gunia. Watu watatu wameahidi kulifikisha gunia moja la kilo mia. Wakiahidi “jointly” tu, gunia ni moja na ahadi ni moja. Zamani mwenye gunia alipaswa kuwaita wote watatu pamoja. Sheria ya kale ya Uingereza ilishikilia jambo hili kwa ukali uliowachosha wakopeshaji: ukimshtaki mmoja peke yake ukapata hukumu, wenzake ambao hukuwashtaki waliponyoka, hata kama yule uliyemshinda hana kitu. Mahakama ya juu ya huko ililithibitisha hilo mwaka 1879. Wakiahidi “severally” tu, kila mtu ana ahadi yake iliyotengwa na ya mwenzake, na katika mikopo mara nyingi kila mtu hutajiwa fungu lake. Hayo sasa ni magunia madogo matatu, na asiyefikisha lake hakuhusu.

Wakiahidi “jointly and severally”, gunia linabaki moja, zima, la kilo mia. Lakini mwenye gunia anaruhusiwa kulitwika kichwa chochote anachokitaka. Anaweza kuwaita watatu, akawaita wawili, au akamtafuta yule mmoja mwenye shingo nene akambebesha lote. Ndiyo sababu mawakili wa wakopeshaji waliyaunganisha maneno mawili. “Jointly” inasema deni ni moja. “Severally” inasema kila mmoja wenu, akiwa peke yake, ni mdaiwa kamili wa deni hilo moja.

Hapo ndipo mpwa wako alipoteleza, na usimkaripie, kamusi ndiyo iliyomtelezesha. Aliona “separately” akafikiri kilichotenganishwa ni pesa. Hapana, kilichotenganishwa ni watu. Deni halikukatwa vipande vitatu, ninyi ndio mlioachanishwa, kila mmoja akasimama mbele ya deni zima. Ajabu yake ni kwamba neno linalosikika kama la kukupunguzia mzigo ndilo lililokuongezea. Kwa sheria ile ya kale, lingeondolewa “severally”, ungekuwa na la kumwambia meneja. Lingeondolewa “jointly”, mpwa wako angekuwa na la kumwambia meneja.

Na kwa nini wewe, si wenzako? Mkopeshaji hahitaji sababu, lakini mara nyingi sababu ipo na unaijua. Una stoo, una magunia yanayoonekana, simu yako inapokelewa. Wakopeshaji huanza na anayeonekana.

Sasa nikupe upande wa pili, maana meneja anayecheka huenda hakuusoma. Haki ya SACCO kukudai yote haimaanishi kwamba mzigo utabaki kwako mwisho wa safari. Kuna mahusiano mawili hapa, na watu huyachanganya. Kati yako na SACCO, wewe ni wa milioni 4.8. Kati yako na wenzako wawili, kila mtu ni wa 1,600,000, isipokuwa mlipatana vinginevyo. Ukilipa zote, unageuka kuwa mdai: unawadai wenzako 1,600,000 kila mmoja, na rafiki yenu wa Juba unamdai kila shilingi uliyomlipia, siku akionekana. Haki hii ya mdhamini kuchangiwa na wenzake ilitambuliwa Uingereza tangu mwaka 1787, na Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 imeibeba. Kwa hiyo hesabu ya mpwa wako ni hesabu nzuri kabisa, ila ameielekeza dirisha lisilo lake. Theluthi ni maneno ya kuwaambia wenzako, SACCO haimo.

Wenzako wakikataa, kwa kiasi kama hiki kuna utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, kwa madai yasiyozidi milioni 10. Huko hakuna mawakili wa kubishana kwa Kilatini. Mdai na mdaiwa wanasimama wenyewe. Shika risiti ya kila malipo uliyofanya kwa SACCO, na iandikwe kwamba umelipa kama mdhamini, kwa deni la fulani. Malipo ya mkono kwa mkono bila maandishi yatakuumiza siku hiyo.

Swali lako la kweli, nadhani, limejificha nyuma ya haya yote: sikuelewa neno, je, mkataba unanifunga? Kwa kawaida, ndiyo. Aliyetia saini huchukuliwa kuwa amekubali kilichoandikwa, si alichodhani kimeandikwa. Lakini Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, Illiterates Protection Act, na wengi hawajui inavyomweleza mtu huyo. Haimtaji tu asiyejua herufi. Inamtaja mtu asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ambayo hati husika imeandikwa. Maana yake, mtu anayesoma Kiswahili au Luganda vizuri kabisa, lakini Kiingereza hakielewi, anaweza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma mbele ya hati ya Kiingereza. Aliyemwandikia hati hiyo alipaswa kumsomea, kumweleza, na kuandika kwenye hati jina na anwani yake mwenyewe na kwamba alifanya hivyo.

Je, itakusaidia wewe? Nikuambie bila kukupaka mafuta: sioni njia rahisi. Wewe umeniletea sentensi za Kiingereza ulizoziandika mwenyewe. Hakimu ataona mtu anayejua Kiingereza aliyekosea neno moja, na hilo si sawa na asiyejua lugha. Lakini kama mmoja wa wenzako hakusoma Kiingereza na hakuna aliyemsomea, yeye ana jambo la kumweleza wakili. Sipendi kulisema, kwa sababu yeye akitoka, gunia linabaki na vichwa viwili.

Lipo jingine lenye nguvu zaidi kuliko neno severally. Je, SACCO na rafiki yenu walibadilisha mkopo baada ya ninyi kutia saini? Waliongeza kiasi, au walipandisha riba, bila kuwauliza wadhamini? Sheria ya 2010 inamwangalia kwa huruma mdhamini ambaye masharti aliyoyadhamini yamebadilishwa bila ridhaa yake. Ndiyo maana taarifa ya mkopo unayoiomba ni ya maana kuliko ubishi wa kamusi. Ndani yake utaona tarehe, marejesho, riba, na kama milioni 4.8 ni deni au ni deni lililonenepeshwa kwa faini.

Nikiri jambo langu pia. Miaka ya mwanzo ya kazi hii niliwahi kuletewa mkataba wa mkopo wa kikundi cha akina mama, niutafsiri kwa Kiswahili jioni hiyo hiyo. Nikafika kwenye “jointly and severally”, nikaandika “kwa pamoja na mara kadhaa”. Sikusita hata kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama aliisoma, akavua miwani, akaniuliza: “Kijana, hawa watalipa mara ngapi?” Nikaona aibu mpaka masikioni. Tangu hapo nimejaribu tafsiri nyingi. Iliyozoeleka ni “kwa pamoja na kila mmoja peke yake”. Ni sahihi, lakini nimeacha kuiamini, kwa sababu msomaji ataisoma kama mpwa wako alivyosoma kamusi: kila mmoja peke yake, basi kila mmoja na fungu lake. Siku hizi naongeza mkia: “kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na mkopeshaji anaweza kumdai yeyote kati yetu deni lote.” Wateja wangu wengine, hasa wanaokopesha, hawaupendi mkia huo. Wanasema unaogopesha wadhamini. Mimi nawaambia kwamba Kiingereza chenyewe kinaogopesha hivyo hivyo, ila wadhamini hawakisikii. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, lakini fomu za wadhamini ninazoletewa bado ni za Kiingereza, na neno zito kuliko yote humo ni hili ambalo tumelipa maana yetu wenyewe.

Kwa hiyo, fanya hivi. Usitie saini karatasi nyingine yoyote watakayokuletea, hata ile inayoitwa ya mpango wa kulipa polepole, kabla mtu wa sheria hajaiona, maana karatasi ya namna hiyo mara nyingi humfanya mdhamini akiri deni zima upya. Chukua nakala ya fomu yenyewe, zote, si ukurasa wa saini peke yake. Ongea na wenzako wawili wiki hii, kabla hamjaanza kukwepana njiani. Mkienda SACCO watatu mkiwa na mpango wa 1,600,000 kila mmoja kwa awamu, meneja hana wajibu wa kuukubali, lakini wengi huukubali, kwa sababu pesa inayoletwa ni bora kuliko kesi. Kama hamna uwezo wa wakili, ulizieni msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili cha Uganda, na kama mmoja wenu ni mwanamke, FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake, nao husaidia. Ukipokea hati ya wito wa mahakama, usisubiri. Siku za kujibu huhesabiwa tangu ulipokabidhiwa, na ukikaa kimya mahakama itaendelea bila wewe. Hapo si mahali pa kumwandikia mtafsiri tena.

Imebaki barua yako. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kukuambia ufute “severally” uandike “several times” au “repeatedly”, na kama ulichotaka kusema ni kwamba mmeomba taarifa mara nyingi, basi fanya hivyo: “I have asked you several times for the loan statement.” Safi, haina utata, na meneja hatapata pa kuchekea.

Lakini umeandika “We”, na hapo umenifanya nikae chini. “We have severally asked you for the loan statement” ni Kiingereza safi cha kamusi. Inasema kila mmoja wenu watatu, kwa wakati wake na kwa mdomo wake, alikwenda akaomba taarifa hiyo. Umetaka kusema neno la mtaani, likatoka la wakili. Sentensi hiyo ikifika mezani kwa mtu anayejua lugha ya mikataba, ataiuliza swali moja, nami nakuuliza kabla yake: wale wenzako wawili, wameshawahi kwenda kuomba?

Kama wamekwenda, iache ilivyo, na uandike tarehe ya kila mmoja chini yake. Kama ni wewe tu uliyekuwa ukienda na kurudi, toa “We”, andika “I”, na uwapigie simu leo.